Niliwaambia Wafiwa "Karibu Tena"

Nimekosa, na kosa ni langu peke yangu. Msimtafute mwingine wa kumlaumu.

Shida nilizijua mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi na moja. Baba alikufa Tabora, mjomba akanileta Morogoro, nikashushwa stesheni ya Kingolwira na kaptura moja. Shule niliishia darasa la tatu. Nikapasua mbao, nikajifunza randa, nikawa fundi majeneza. Hakuna aliyenishika mkono. Nalisema hilo kwa kujivuna, na kujivuna ndiko kulikoniponza!

Kazi yetu ina mwiko mmoja. Mtu akishachukua jeneza, humwambii karibu tena. Unasema poleni, unarudi kwenye randa yako. Miaka arobaini niliushika mwiko huo.

Mwaka jana akaja fundi mpya ng'ambo ya barabara, majeneza yake yanang'aa kwenye simu za watu. Wateja wakawa wanapita mlangoni kwangu wanaingia kwake. Niliumia! Nikamtafuta binti anayefanya matangazo ya mtandaoni.

"Shikamoo mzee. Redio unalipia ya nini? Siku hizi pesa yote ya matangazo imehamia kwenye simu. Tena mteja wa zamani ndiye mali, huyo tunamkumbusha kwa imeili. Unazo?"

Ninazo! Nikampa daftari la risiti lote, humo wateja huandika imeili zao. Mwiko sikumwambia. Niliona aibu, binti msomi asije akaniona mshamba.

Akaandika. Akauliza, "Nikusomee kabla sijatuma?"

"Mimi sisomewi kama mtoto. Tuma!"

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nilikuwa na mtani wangu, Mluguru wa milimani, anakaa Kilakala. Miaka thelathini na nane tumetukanana. Mimi Mnyamwezi humwambia, "Nyie mnalima mmejifunga kamba kwenye mti msiporomoke." Yeye huniita mpagazi, ananitwika kikapu chake cha karoti. Jumapili akitoka misa alikuwa anakaa kwenye benchi langu mpaka jua linazama. Mke wangu alipofariki, yeye ndiye wa kwanza kunichekesha. Mwaka juzi tulimzika kijana wake. Jeneza lilitoka kwangu, na kwenye risiti binti yake, Tekla, akaandika imeili yake.

Sasa wiki ile ya matangazo, mke wa mtani alikuwa amelazwa, hali mbaya. Nilijua! Nilishampelekea uji. Tekla amekaa kando ya kitanda, simu ikalia. Mama akauliza ni nani. Tekla akaona jina la karakana yangu, akadhani ni salamu za pole, akasoma kwa sauti:

"Mteja wetu mpendwa, tumekukumbuka! Karibu tena. Agiza wiki hii upate punguzo..."

Akakatiza, lakini neno lilishatoka. Tekla mwenyewe alinisimulia baadaye. Anasema mgonjwa alicheka kwa pumzi aliyobaki nayo, akasema, "Mpagazi ameshanipima. Mwambieni asibanie mbao, mimi mrefu."

Mumewe hakucheka.

Siku ya tatu mama wa watu akafariki. Jeneza wakanunua ng'ambo ya barabara. Nililiona likipakiwa, mimi nimesimama na msasa mkononi.

Nikaenda msibani hivyo hivyo. Mtani haalikwi msibani, anaingia tu, anaamrisha, anaficha masufuria, anawachekesha wafiwa. Nikaingia na kelele zangu: "Waluguru, leo nani atawafungua kamba?"

Watu wakatazama chini. Mtani akainuka kwenye mkeka, akanijia taratibu mpaka tukatazamana.

"Umefuata mteja?"

Basi. Hata sauti hakupandisha. Angenipiga ngumi ingekuwa nafuu! Nikageuka, nikatoka.

Wafiwa wengine walinipigia simu kunitukana. Hao nimewaomba radhi, yakaisha. Kwa mtani nimekwenda mara nne. Tekla ananipokea mlangoni: "Shikamoo babu. Baba amepumzika." Nami namsikia huko ndani anakohoa.

Na matangazo? Sidanganyi, yanaleta watu. Oda zinatoka Kilosa, Ifakara, mpaka Dodoma. Wanaagiza kwenye simu, gari linakuja, wanapakia, wanaondoka. Jina langu hawaulizi. Jumapili nafuta vumbi kwenye benchi, nakaa upande mmoja, milima ile pale mbele yangu, mpaka jioni. Hakuna anayenitukana! Nani alijua mtu anaweza kukosa usingizi kwa kukosa matusi?

Ninyi wenye biashara, tangazeni, dunia imehamia huko. Lakini neno usiloweza kumwambia mtu akiwa amekaa mbele yako, usimtumie kwenye simu. Na ukiulizwa "nikusomee?", jibu "nisomee!" Aibu ya kusomewa inaisha palepale. Hii yangu mimi naamka nayo kila siku.

Leo nina karakana, mashine mbili za kuranda, nyumba ya vyumba sita, gari la kubebea maiti, viwanja viwili Kihonda, na ukurasa wenye wafuasi wengi kuliko watu wote wa mtaa wangu. Wa kuniita mpagazi sina.