Fungua Mdomo, Mnyamwezi

Siku tuliyomzika bibi yangu, mwaka huu, jirani mmoja mgeni alinivuta mkono akaninong'oneza: yule kaka hana ndugu wa kumtoa? Jirani huyo amepanga kwenye ghorofa iliyojengwa palipokuwa kiwanja chetu cha mpira, hajamaliza hata mwaka. Kaka aliyemsema alikuwa amejifunga kanga ya marehemu na kuvaa miwani yake, anachechemea katikati ya waombolezaji vilevile bibi alivyokuwa akichechemea, na kuwafokea wapishi kwa sauti ya bibi. "Chumvi yote hii mnampikia nani, bwana harusi?" Wazee waliobaki walicheka mpaka wakafuta machozi. Wengine walikunja sura. Nikamwambia jirani kwamba yule ni mtani wetu, akaitikia kwa adabu tu, maana hakunielewa.

Simlaumu. Ukimuuliza yeye kabila lake anasema anatoka Dar, na mtu wa Dar tupu atapata wapi mtani?

Nilipokuwa mdogo mambo hayakuwa hivyo. Mtaa wetu uko Tabata, kule ndani lami inakoishia, na kila nyumba ilikuwa na kwao. Ilipofika jioni ungejua nani katoka wapi kwa pua tu. Kwa karani Mpare kulichemka makande tangu mchana. Kwa Mchaga mwenye duka ndizi hazikukosekana. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa mchonga vinyago, Mmakonde aliyetoka kusini, na tezo yake ndiyo iliyotuamsha siku za Jumapili kabla ya kengele ya kanisa. Kazi yangu ilikuwa kwenda kwake na karai kuokota vipande vya mpingo, kwa sababu vinashika moto vizuri na bibi alikuwa mbahili wa mkaa. Sisi wenyewe ni Wazaramo, wenyeji, na bibi hakuacha kuwakumbusha wengine kwamba wamekuja juzi.

Katikati ya mchanganyiko huo ndipo utani ulipokaa. Mpare na Mchaga walitukanana kila asubuhi mbele ya duka, na mmoja akipita kimya mwenzake alimfuata kumuuliza kama anaumwa. Watani wetu sisi ni Wanyamwezi, na mtaa mzima ulikuwa na nyumba moja tu ya Wanyamwezi, kwa Mwalimu. Bibi aliingia jikoni kwa Mwalimu bila hodi, akafunua sufuria, akaonja, akatukana mapishi. Mwalimu akirudi likizo kutoka Tabora na dumu la asali, bibi alilichukua mlangoni kabla halijatua chini. Mwalimu naye akimwona bibi anafagia, alisimama barabarani kumpongeza kwamba leo Mzaramo kafanya kazi, mvua itanyesha. Hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Ukimkasirikia mtani wako, umejiaibisha wewe.

Mwalimu alinifundisha Kiswahili darasa la tatu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mjane, mwenye sketi zilizopigwa pasi hata siku isiyo na umeme. Ukimwambia "mie" alikuuliza huyo mie ni nani. Zoezi lake kubwa lilikuwa kutunga sentensi. Anaandika neno ubaoni, anakuonyesha kidole, wewe unasimama: tunga sentensi. Mpaka leo nikikutana na neno jipya nasikia chaki yake.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, na kijana huyo ndiye aliyetutengenezea mpira wa makaratasi, akatufundisha kuendesha baiskeli ya mama yake. Kisha akaanza kubadilika. Sisi watoto tuliona kabla ya wakubwa, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa barabarani. Tulimkuta amesimama kwenye kona, magoti yamelegea, kichwa kinashuka taratibu mpaka karibu na kiuno, na haanguki. Tulishindana kumuigiza. Baadaye vitu vikaanza kupotea: sufuria zilizoanikwa, balbu za uani, jogoo wa karani, mwisho ile baiskeli. Siku nyingine alijifungia ndani anatapika, pua zinamtiririka, anajikunyata kwa maumivu ya mwili mzima. Vijana wa kijiweni waliita hali hiyo arosto, yaani mwili unadai unga wa kulevya na unga haupo.

Mwalimu aliita malaria. Ukimwuliza hali ya kijana, anakujibu malaria imemrudia. Mtaa ukaheshimu, nao ukasema malaria. Alimpeleka kwenye maombi, akampeleka kwa mjomba wake Tabora akae mbali na marafiki, naye alirudi amenenepa na baada ya muda mfupi akawa vilevile. Kuna dada mmoja aliyekuwa akipita vijiweni kuelimisha watu, ambaye zamani alivuta yeye mwenyewe. Alikuja nyumba kwa nyumba kueleza kwamba hospitali kuna dawa ya kunywa, inatolewa kila siku bila kuruka, inakata arosto, na mtu anapata nafasi ya kurudi kuwa mtu. Alisema unga ni ugonjwa kama maradhi mengine ya kudumu, kupiga na kufungia ndani havitibu. Alipofika kwa Mwalimu, Mwalimu alimshukuru sana, akamwambia hapa hakuna mgonjwa wa namna hiyo.

Wakati huohuo mtoto wa mchonga vinyago naye alikuwa anavuta. Walikuwa pamoja sikuzote. Siku moja akakutwa amekufa ndani ya nyumba isiyoisha kujengwa, na kwenye msiba wake ikasemwa presha. Wamakonde wengine mtaani kwetu hawakuwepo, wala watani wao. Alizikwa kwa heshima, kimya, hakuna aliyemuigiza wala kumtukana, na mzee wake hakushika tezo kwa muda mrefu. Nilikosa vipande vya kuwashia moto, ndivyo nilivyopima huzuni ile kwa akili yangu ya wakati huo.

Haukupita muda, Jumamosi moja asubuhi, bibi alijifunga kanga kiunoni, akachukua mkeka, akatoka. Nilidhani anakwenda kuanika mpunga. Akautandika mbele ya mlango wa Mwalimu, akakaa, akanyoosha miguu, akaachia kilio cha msiba.

"Uwiii! Mnyamwezi wangu! Mie nilimweka huyu aje achekeshe watu siku nikifa, leo anatangulia yeye! Nani atanivalia kanga yangu?"

Watu wakajaa. Mama karani alikuja na leso mkononi, tayari kulia, akidhani kweli. Mwalimu akatoka na daftari za kusahihisha, uso umemshuka.

"Mama, kuna nini? Unanitia aibu."

"Ndiyo kazi yangu. Umenikasirikia?"

Mwalimu akazikumbatia daftari kifuani. Alikuwa amenaswa, na kila aliyesimama pale alijua.

"Nimesikia wajukuu zangu unawafundisha kutunga sentensi," bibi akasema. Kilio kilikuwa kimekatika ghafla, sauti yake ni ya kawaida kabisa. "Haya na mie nakupa neno. Teja. Tunga sentensi."

Mwenye duka akazima redio. Mwalimu alifungua mdomo akaufunga. Nilimwonea huruma, nikatamani bibi aondoke, nikamchukia kidogo. Kisha mwalimu wangu akasimama wima kama tulivyosimama sisi tukionyeshwa kidole.

"Mwanangu ni teja," akasema. Na hapo akakaa kwenye mkeka kando ya bibi, akalia.

Kijana alikuwa ametokea mlangoni, kajifunika shuka, anatetemeka.

"Bibi, mie mbona sijafa?"

"Nyamaza, maiti haiongei," bibi akamjibu. "Kama hujafa, Jumatatu nisindikize hospitali nikaione hiyo dawa."

Yaliyotokea huko kliniki nayajua kwa sababu bibi aliyasimulia mpaka tukayakariri. Walimpima, wakamuuliza anavuta tangu lini, wakamweleza kwamba lazima awe na ndugu wa kumsimamia. Mwalimu alikuwa shuleni, kwa hiyo nesi akamgeukia bibi, akamuuliza ni nani yake. Bibi akajibu, mtani. Nesi akasema mtani siyo ndugu. "Sasa akitoroka nani mwingine atamtukana?" bibi akauliza. Mwalimu alikuja kusaini mwenyewe baada ya vipindi, lakini kwenye foleni ya asubuhi aliyejulikana ni bibi.

Dawa yenyewe hakupewa kwenda nayo nyumbani. Aliinywa dirishani mbele ya nesi, kisha alitakiwa kufungua mdomo na kusema neno lolote, ihakikishwe ameimeza na hakuificha mdomoni akaiuze. Bibi alipenda sana utaratibu huo. Miguu ilipoanza kumsumbua akaacha kumsindikiza, akahamishia ukaguzi barazani kwetu. Kila siku kijana akitoka kliniki alipita kwanza pale.

"Fungua mdomo, Mnyamwezi."

Anafungua.

"Sema."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya funga, nzi wasiingie."

Hakunyooka moja kwa moja, nisikudanganye. Kuna wakati aliacha dawa akarudi kijiweni, na bibi alifika hukohuko na mkeka wake akaanza kulia msiba, mpaka wenzake wakamwomba aondoke naye wapate amani. Dada yule wa vijiweni alisema kurudi nyuma si mwisho, ni sehemu ya ugonjwa, waanze tena. Wakaanza tena. Baadaye alijifunza kutengeneza feni, na mpaka leo ndiyo kazi yake. Watu walipomuuliza bibi huyu atakunywa dawa mpaka lini, aliwauliza wao wa kisukari wanakunywa mpaka lini.

Siku ya maziko ya bibi, kaka huyo alichelewa. Niliona wazee wakitazama barabarani, na nikashikwa na hofu ya zamani. Akaja anahema, ametoka kliniki moja kwa moja, akavaa kanga na miwani, akafanya kazi yake kama nilivyokueleza. Alidai ukoko wa pilau, kwani marehemu alikuwa mwizi wa ukoko. Alimtukana karani, ambaye hata hakuwepo. Mwalimu, ambaye sasa ni mzee na anatembelea mkongojo, alicheka ameinama.

Jeneza lilipokuwa tayari kunyanyuliwa, akawasimamisha wabebaji. Shehe alikunja uso lakini akangoja. Kaka yule alivua miwani, akasogea mpaka kwenye kanga zilizofunika jeneza, akainama, akafungua mdomo wazi kabisa.

"Shikamoo, bibi."

Akabaki hivyohivyo, mdomo wazi. Jirani mgeni alinitazama. Mpare amehamia Mbezi, duka la Mchaga ni ofisi ya kutuma pesa, mchonga vinyago alirudi kusini, na pale uani palijaa watu wema wasiojua wangoje nini. Mwalimu aliinamia mkongojo wake, analia. Nikakumbuka kwamba Mzaramo aliyebaki wa kumjibu ni mimi.

"Marahaba," nikasema. "Haya funga, nzi wasiingie."

Akafunga. Wakamnyanyua bibi, wakaondoka naye.