Juisi ya Kumshinda Shangazi

Watu wengi wakisikia harufu ya chungwa lililokatwa sasa hivi, hufurahi. Mimi mabega hupanda. Kwangu hiyo ni harufu ya vita, na vita vyenyewe vilipiganwa sebuleni kwetu Nyakuron, mtaa wa Juba, kiangazi kile baada ya baba kufariki, wakati bati la paa lilipokuwa likianza kulia kwa joto kabla ya saa nne asubuhi na vumbi la barabarani likiingia hadi ndani ya chandarua. Kilichogombaniwa kilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka tisa, mwembamba, mwenye mdomo, na kwa jicho langu la leo la mtu wa soko nasema sikuwa bidhaa ya kuwakosesha usingizi watu wazima. Lakini dada yake baba, shangazi Keji, alitaka nihamie kwake mtaa wa Hai Malakal, kwa sababu katika ukoo wao mtoto wa marehemu hukulia mikononi mwa watu wa baba. Mama, aliyekuja Juba kutoka Uganda na hakuwa na ndugu hata mmoja mjini, alitaka nibaki. Wapiganapo tembo nyasi huumia, ndivyo wasemavyo. Husahau kuongeza kwamba nyasi husikia kila neno.

Nilisikia kila neno kwa sababu waligombana kwa Kiswahili. Mama hakujua Kibari, lugha ya ukoo wa baba, na shangazi alikataa kupoteza Kiarabu chake cha Juba kwa mtu aliyemwona mpita njia. Basi wakakutana katika lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao: mama na Kiswahili cha sokoni Uganda, shangazi na kile alichorudi nacho kutoka miaka yake ya ukimbizi Kenya. Waliitana wifi. Sijawahi kusikia neno la udugu likitamkwa kwa meno yaliyofungwa namna ile.

Sasa, ukoo wa baba ulikuwa na desturi moja ambayo mama aliishika upesi kuliko walivyopenda. Mwenye shauri nawe hanywi kitu nyumbani kwako. Akinywa, hata funda moja, shauri limekwisha, na ataondoka kama mgeni mwingine yeyote. Ndiyo maana kila Jumamosi shangazi alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akaisukuma bilauri ya maji hadi ukingoni mwa meza, akadai mtoto, akanyimwa, akaenda zake. Mama akaona kwamba maji ni kisu butu. Hayana harufu, mtu anaweza kujifanya hayapo. Ndipo akaleta machungwa.

Alinunua yale yanayokuja na malori kutoka upande wa Nimule, mpakani na Uganda, ya kijani kabisa, ambayo wageni huyapita wakidhani ni mabichi. Mvumilivu hula mbivu, lakini kwanza ajue mbivu ina rangi gani. Alipatana bei kana kwamba muuzaji ndiye aliyemuua mumewe, kisha akanifanya niyahesabu mara mbili, mara moja mbele ya muuzaji na mara ya pili nyumbani, tabia iliyoniingia na haijatoka. Tulikaa chini kwenye mkeka. Kila chungwa tuliliviringisha chini ya kiganja hadi lilegee, tukalikata kiunoni, si kutoka kichwani, tukalikamua kwa mkono juu ya chujio la chai. Kukamua kuna mwisho wake: ukisikia ganda linaanza kutoa mafuta, acha, la sivyo uchungu utaingia na kazi yote imeharibika. Vidole vyangu vilikuwa na mikwaruzo, na juisi iliipata yote. Hakuna maji, hakuna sukari, chembe tu ya chumvi, halafu barafu iliyovunjwa kwa mchi ndani ya gunia. Mama hakuwahi kuniambia ananipenda. Aliniambia, "Kamua vizuri. Wewe nakamua ya kuokoa kichwa yako mwenyewe."

Shangazi alikuja akaikuta juisi mezani, glasi ikitoka jasho, chumba kizima kikinukia. Alimeza mate, nililiona koo likipanda na kushuka. Kisha akasema hakuja kunywa, amekuja kuchukua damu ya ndugu yake, na hiyo juisi mama aikoge. Mama akamjibu kwamba mlango uko wazi na kiu ni bure. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata. Barafu iliyeyuka, wao wakatazamana, mimi nikamwaga juisi iliyochacha nyuma ya choo, maana hata mimi nilikatazwa kuinywa.

Mwisho shangazi akachoka, akaja na msemaji. Katika ukoo wao msemaji akishalitoa jambo rasmi, kinachofuata ni kubeba mtoto. Huyo alikuwa baba mdogo Lado, binamu wa baba, bonge la mtu mwenye koti la suti, aliyetoka Hai Malakal kwa miguu kwenye jua la saa nane kwa sababu shangazi alikataa kumlipia boda. Huo ubahili, mama aliushika kwa mikono miwili. Lado alisimama akahutubia: babu fulani, ng'ombe fulani, mtoto fulani. Alipomaliza, mama akaweka mkono sikioni kwa upole.

"Shemeji, hii Kiswahili yangu ni kidogo. Hapo kwa babu, rudia."

Akarudia. Mama akauliza huyo babu alizaa nani. Lado, mtu wa kupenda nasaba, akaanza kuwataja, midomo ikinata, sauti ikikwaruza kama mlango wenye kutu. Mama akauliza na wa upande wa pili je. Katikati ya jina la nani sijui, mkono wa Lado ukaenda mezani wenyewe, kwenye glasi ya juisi.

"Lado, weka hiyo chini," shangazi akasema.

Aliiweka chini, ndiyo. Ikiwa tupu. Mama akamjazia nyingine kabla hajafuta mdomo, na Lado, ambaye sasa hakuwa na la kupoteza, akainywa pia. Shangazi akasimama.

"Umemnunua mtu na machungwa."

"Mimi hapana nunua. Mimi nakamua tu."

"Basi sikia, wifi. Aliyekunywa ni Lado. Mimi sijakunywa."

Nikabaki. Ukoo ulilihesabu shauri kuwa limekwisha, maana msemaji akinywa amewanywea waliomtuma, na Lado hakutumwa tena kusema popote. Siku hizi huko mtaa wa Amarat juisi ya chungwa husagwa na mashine pamoja na mbegu, ikatiwa sukari ya kuficha uchungu, na watu hunywa pamoja, wakasalimiana kwa kupigana mabega, kesho yake wakapelekana kwa wakili. Mama amerudi Uganda. Mimi nina nyumba yangu, na shangazi, ambaye sasa magoti yamemwisha, bado huja Jumamosi, hukaa karibu na mlango, na chupa yake ya maji mkobani. Mimi hukamua, huweka mezani, yeye hutazama pembeni. Juzi uvumilivu uliniisha. Nikamwambia baba hayupo, mama hayupo, Lado hayupo, sasa huo ukavu wa koo ni wa nini, kunywa tumalize.

"Nikikunywa," akasema, "nitakuwa nimekuacha."

Nikaondoa glasi. Sijui kama alinishukuru. Si mtu wa kushukuru, na mimi sikumpa nafasi.