Mdomo wa Anarkul

Kijiji kizima kilimwita Koleo. Taya la chini la Anarkul lilitangulia la juu, meno ya chini yakayafunika ya juu, na chonge yake ya juu, upande wa kulia, ilipanda juu ya meno mengine kama mbuzi aliyepanda paa. Alishona magodoro ya pamba vizuri kuliko fundi yeyote wa bonde lile la mto Naryn, lakini kukata uzi kwa meno ya mbele hakuweza. Mkate aliung'ata kwa magego, kichwa upande, na watoto wakamwigiza. Watu wana roho mbaya, jamani!

Alipofika miaka ishirini na sita akaenda mjini kwa daktari wa meno.

"Dada, taya kama hili lilitakiwa kushughulikiwa utotoni," daktari akamwambia. "Nyaya zitapanga meno. Taya lenyewe labda tupasue."

"Funga nyaya. Kupasua tutaongea."

Akarudi kijijini mdomo unang'aa, kila jino na kifungo chake cha chuma cha kushikia waya. Fizi zilimuuma, akashindia mchuzi, lakini alifurahi, tena alifurahi sana. Kwa mara ya kwanza alicheka sokoni bila kuziba mdomo kwa mkono.

Kicheko hicho ndicho kilichomponza. Bibi Batma alikuwa na mjukuu, Mairambek, dereva wa lori la makaa, ambaye wasichana wawili walishamkataa.

"Mchukue Koleo sasa hivi," bibi akamwambia. "Leo atashukuru kupata mume. Meno yakishanyooka huyo, atatubetulia midomo."

Wakamnyakua mchana kweupe, yeye na godoro la mteja begani, Mairambek na wanaume wengine wawili, na gari. Alipiga mateke mpaka kioo kikapasuka. Mairambek akamzaba kofi, mdomo ukachanika kwenye vyuma. Nyumbani kwa Bibi Batma wanawake walikuwa wakingoja na kitambaa cheupe. Kitambaa hicho kikishakaa kichwani mwa msichana aliyetekwa, basi, kwa desturi ya kule ameolewa. Hata baba yake mzazi atamwambia abaki.

"Tulia, mwanangu," alisema Bibi Batma. "Sote tulilia. Jiwe hukaa pale lilipotupwa."

"Bibi, nitaua mtu humu ndani!"

Kitambaa kikagusa nywele zake, akakirarua. Mairambek akamkaba shingo kwa nyuma. Mkono ukapita mbele ya mdomo, na Anarkul akauma. Lile taya lililochekwa miaka yote likashika, likang'ang'ania. Mairambek akambamiza kichwa ukutani mara mbili, Anarkul hakuachia. Damu ikamjaa kinywani, kitu kikakatika kwenye chonge, na mwanamume akalia kama fahali anayechinjwa.

Anarkul akakimbilia mlangoni. Bibi Batma alikuwa amejilaza kizingitini, mzima mzima.

"Niruke uone! Tumbo lako likauke! Uzikwe bila mtoto!"

Hakuna msichana wa kule anayemruka mwanamke mzee. Anarkul alisimama. Laana aliiogopa kwelikweli. Akageuka akakiona kitambaa kinakuja tena, akamruka bibi akakimbia peku hadi barabarani.

Kesho yake Anarkul akaenda kushtaki, wakakutana kituo cha polisi. Mairambek alikuwa na koti zito, mikono imefunikwa.

"Alikuja mwenyewe, afande. Tumegombana kidogo tu, mambo ya mke na mume."

Askari akamtazama Anarkul, akacheka. "Hebu tuseme ukweli, binti. Nani ahangaike kukuteka wewe?"

Anarkul akafunua mdomo wake uliovimba. Kila jino la juu lilikuwa na kifungo cha chuma, isipokuwa ile chonge.

"Kimoja hakipo," akasema. "Mvueni koti, mkitafute."

Mkono wa Mairambek ulikuwa umevimba, mwekundu, unatoa usaha. Akaitwa mganga wa zahanati, akaingiza kibano kwenye kidonda, mwanamume akipiga mayowe, akachomoa kipande cha chuma na kukidondosha kwenye sahani. Askari hakucheka tena. Akachukua pingu.

Bibi Batma alimngoja nje ya mlango.

"Mshenzi wewe! Umemtia mjukuu wangu kilema. Sasa nani atakuoa na mdomo huo?"

Anarkul akatema damu, akajifuta kwa kiganja.

"Aje tu anayetaka, bibi. Ila aje na mkono wa akiba."