Yai Kabla ya Rika

Chepngeno alipoliona yai lile, kikapu kilimtoka mkononi na mahindi yakamwagika kotekote. Lilikuwa dogo, jeupe pe, limejilaza kwenye nyasi kavu katika kona ya kibanda chake cha kuku. Na katika kibanda hicho hapakuwa na kuku wa kutaga! Kuku mzee alikuwa amekwisha kuliwa na kicheche. Waliobaki ni watoto wake, weupe wawili na mweusi mmoja, tembe ambao hawakuwa wamewahi kutaga hata mara moja.

Akajiuliza yai limetoka wapi. Kesho yake akakuta jingine pale pale. Yai ambalo hukulitarajia, ndani ya boma lako, si chakula. Ni kitu kilichowekwa na mtu, na anayekiweka hakutakii mema.

Sasa nani? Hapo ndipo akili yake ilipokimbia kuliko miguu. Katika lain nzima, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba lile la mzungu, kule kwenye baridi ya Molo, mtu mmoja tu aliingia kwa Chepngeno bila kubisha hodi, na kazi yake ilikuwa kushika mayai kutwa. Cheptoo. Mjane huyo aliwalisha kuku wa memsabu, mke wa mzungu, na kuokota mayai yao. Ndiye pia aliyewapokea watoto wote wa Chepngeno walipozaliwa, kuanzia Kiprugut, kifungua mimba. Na hao tembe weupe walitoka kwake: memsabu alimpa mayai mawili, naye akamletea shoga yake ayachanganye na yake chini ya kuku aliyekuwa anaatamia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Chepngeno akajiambia, na akajiona ana akili sana.

Alimkabili bombani, mbele ya wanawake wote waliokuja kuteka maji.

"Cheptoo, nani anaweka mayai kwa boma yangu?"

Cheptoo alicheka. Masikini, alicheka kweli, akidhani ni mzaha.

"Mama Kiprugut, hiyo ni kuku ya wazungu! Inataga ikiwa bado toto. Ile nyeusi yako ndiyo itakaa mpaka mahindi ikauke."

"Wote walitoka chini ya mama moja, siku moja! Wewe umeona wapi rika moja, huyu anaingia jandoni na mwenzake anabaki kuchunga ndama?"

Wanawake wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Neno lilikuwa limewaingia. Watu wa rika moja huvuka pamoja, hilo hata mtoto alilijua. Nani angebisha? Hakuna aliyekumbuka kwamba kuku hawana jando.

"Kuku si watu," Cheptoo alisema. Wanawake wakarudi kwenye ndoo zao. Alijitwika debe lake akaenda, na maji yalimmwagikia begani kwa haraka aliyokuwa nayo.

Nyapara hakumfukuza, wala hakuna aliyemtukana. Lakini akufukuzaye hakwambii toka. Aliyezoea kuomba moto kwake alienda kuomba kwingine, na akina mama waliwaita watoto ndani akipita. Kisha Chelagat, mke wa mkamuaji, akashikwa na uchungu. Cheptoo alipofika mlangoni na kitambaa chake safi, aliambiwa wameshatuma mtu kumwita mkunga wa shamba la pili. Alisimama pale nje mvuani kwa muda, mikono yake miwili ameikunjua mbele yake, anaitazama. Siku iliyofuata aliomba nafasi kwenye lori la viazi, arudi kwa kaka yake upande wa Londiani.

Asubuhi ya kuondoka kwake, Chepngeno aliingia kibandani na kisu. Alitaka kuwachinja wale weupe ili mkosi uishe nao. Mmoja alikuwa amejikunyata pale kwenye nyasi, hataki kuondoka. Chepngeno akapenyeza mkono chini yake amtoe, na papo hapo kitu kikamdondokea kiganjani.

Kilikuwa na joto. Kilikuwa na unyevu, na alama nyembamba ya damu kwenye ganda.

Mungu wangu! Alipiga ukelele ambao mumewe aliusikia kutoka zizini. Kisu akakiacha hapo hapo, akatoka mbio, hana viatu, hana kitambaa kichwani, yai mkononi.

Lori lilikuwa limesimama getini, likingoja ng'ombe wapite. Cheptoo ameketi juu ya magunia, amejifunika blanketi. Chepngeno aliinua yai juu. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

Cheptoo alilitazama yai, akamtazama na yeye.

"Nimeiona," alisema. "Rudisha kwa nyumba, Mama Kiprugut. Itapoa."

Ng'ombe wakamaliza kupita, na lori likaondoka.

Wale weupe hawakuchinjwa. Walitaga na kutaga, na Chepngeno hakuweza kuyala mayai yale, akawa anawagawia majirani, ambao waliyapokea bila kumtazama usoni. Mahindi yalipokauka, yule mweusi naye akajificha kwenye nyasi, na alipotoka aliacha yai la rangi ya chai ya maziwa. Chepngeno alilikimbilia kwa furaha, akalishika kwa mikono miwili, akatoka nje akiita kama alivyozoea miaka yote:

"Cheptoo! Cheptoo, njoo uone!"

Mlango uliokuwa wa Cheptoo ukafunguka. Akachungulia mwanamke mgeni, mke wa dereva mpya, akauliza Cheptoo ni nani.