Nyasi za Mgeni Chini ya Mbuni

Niliacha shule mapema, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Nimevua Goziba, nimechoma matofali Muleba, nimebeba mikungu ya ndizi Nshambya. Kazi niliyodumu nayo kuliko zote ni hii ya kumbebea betri mama mmoja mtafiti aliyekuja kupima gesi zinazotoka kwenye majani.

Ndiyo, majani hutoa gesi zake yenyewe, hasa jua likiwaka. Nyingine tunazisikia kama harufu, nyingine hatuzisikii kabisa. Nilimuuliza maswali mpaka akacheka.

“Wewe ungebaki darasani ungewachosha walimu.”

“Niliwachosha, ndiyo maana niko hapa.”

Tunavisha tawi mfuko mwembamba unaopitisha mwanga. Pampu ndogo inavuta hewa ya ndani na kuipitisha kwenye kibomba cha chuma chenye unga unaonasa gesi. Kibomba kinazibwa, kinapelekwa maabara.

Huko Rubafu tulikuwa na mbuni mmoja mkubwa, mti wa kahawa wa bibi mjane. Tulishaupima wakati wa mawingu; ilibaki kuupima kwenye jua kali, na mtafiti alikuwa anaondoka kesho yake. Tukikosa jua lile, vipimo vya mwanzo visingekuwa na cha kulinganishwa nacho.

Tulifika jua likiwa zuri. Ua wote, mpaka chini ya mbuni, ulikuwa umetandazwa nyasi mbichi zilizokatwa asubuhi ile. Kwetu mgeni wa heshima hutandikiwa nyasi, na bibi alikuwa amejua kwamba leo tunaagana.

Mtafiti akawasha kipimo cha mkononi. Namba zikapanda kabla hata hatujagusa tawi.

“Nyasi zikikatwa hutoa gesi nyingi sana,” akaninong’oneza. “Tutapima nyasi, si kahawa. Ongea naye wewe.” Kisha akatazama ziwani, ambako mawingu yalikuwa yanajikusanya.

Kuondoa nyasi za mwenyeji ni kama kumrudishia sahani ya chakula. Nikachuchumaa mbele ya bibi, nikamwita kwa heshima ya Kihaya.

“Bibi, waitu, nyasi hizi ni nzuri mno.”

“Nimezifuata bondeni mwenyewe, na magoti haya.”

“Shida ni mashine. Inasikia nyasi tu, mbuni haiusikii.”

“Basi mashine yenu haina adabu. Mgeni wangu akanyage udongo mtupu, majirani waseme nini?”

“Hatakaa nje. Tuziingize ndani, atandikiwe sebuleni, ale chakula akiwa amezikalia.”

Bibi akamtazama mtafiti, akatazama nyasi.

“Atakula kwa mkono?”

“Kwa mkono.”

“Asiniage kabla ya kutafuna kahawa yangu.”

“Nitamfungia mlango.”

Akaangua kicheko, akaniita baba kwa Kihaya. “Sasa beba, tata! Unamngoja nani?”

Tukabeba sote watatu, mtafiti naye akikumbatia mafungu mpaka gauni likawa kijani. Tukafagia, tukangoja upepo wa ziwa upite. Namba zikashuka polepole, zikatulia. Tukavisha tawi mfuko, pampu ikaanza kunguruma. Mimi nilikuwa nalitazama wingu kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua. Liligusa jua mtafiti akiwa ameshaziba kibomba.

Ndani tulikaa juu ya nyasi, tukala ndizi na maharage. Bibi akamsogezea mtafiti kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu hupewa mgeni.

“Daktari, mbuni wangu unaushinda wa jirani?”

“Hatujajua, mama. Mpaka maabara.”

“Andika unaushinda.”

Mtafiti alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akanipa kibomba nikiandike mimi: mbuni, Rubafu, jua kali. Niliandika taratibu, kwa herufi kubwa. Njia nzima hadi Bukoba mjini nilipakata sanduku la vibomba, na kondakta aliposema niliweke kwenye buti, nilimwambia ndani yake mna pumzi ya mbuni wa bibi yangu, na haikai kwenye buti.