Kikao cha Kumzika Profesa wa Mafundo

Tuliokuwepo sebuleni kwangu Nyanga siku ile ni hawa. Mimi, mjane mwenye nyumba. Mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye sasa ndiye msemaji wa ukoo. Katekista, jirani yetu wa mpaka mmoja. Mwalimu wa chuo kikuu, mwanafunzi wa zamani wa Profesa. Na binti wa Profesa, aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo, macho mekundu. Profesa mwenyewe alikuwa chumba cha maiti hospitalini, akingoja tuseme alale wapi. Majina ya wote ninayo kichwani, ya ubatizo na ya baba zao. Siyaandiki, maana wana wajukuu shuleni, na wajukuu hawana kosa.

Profesa alikuwa Mholanzi. Baba yake alikamua ng'ombe katika nchi ambayo, kwa maelezo yake, maji yako juu na mashamba yako chini, na watu wameyazuia maji kwa ukuta. Alisoma hesabu, akazifundisha chuo kikuu huko kwao, akaja huku na mke na binti mdogo. Kwanza alifundisha sekondari Muleba, na chuo kilipofunguliwa mjini akahamia chuoni. Hapo ndipo alipopanga nyumba yetu ndogo iliyo ndani ya kibanja, shamba la migomba la ukoo. Mke alifariki, binti akarudi Ulaya kusoma, yeye akabaki. Hata alipostaafu hakuhama, akawa anafundisha watoto barazani.

Hesabu zake hazikuwa za kujumlisha. Zilikuwa za mafundo. Ndiyo, mafundo ya kamba. Aliyaandikia kitabu kizima. Sisi wanawake tukikaa kusuka mikeka alikuja na kigoda chake, anauliza, "Ukindu huu umepita chini kwa nini?" Tukacheka mpaka machozi. Siku moja alimfunga mbuzi wangu, mbuzi akaenda kumaliza maharage ya jirani.

Nikamwambia, "Shemeji, umesoma mafundo mpaka nywele zimekwisha, na mbuzi amekushinda?"

"Shemeji," akasema, "lile fundo halifunguki. Tatizo mbuzi hajasoma."

Nilimwita shemeji kwa haki, siyo kwa utani. Mume wangu aliangukiwa na mti akipasua mbao Buganguzi, tukamkimbiza hospitali, daktari akataka damu upesi. Mdogo wake wa tumbo moja alisema anasikia kizunguzungu, akatoka nje, hatukumwona tena siku hiyo. Aliyelala kitandani akatolewa damu ni yule Mholanzi. Mume wangu alipopona akasema, "Damu yake ninayo tayari, imebaki yangu kumwendea yeye." Wakafanya omukago, ule undugu wa kuchanjana. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Kila mmoja anachanjwa kidogo karibu na kitovu, punje inapakwa damu yake, mwenzake anaimeza. Tangu hapo ni ndugu, na watoto wa huyu ni wa yule. Walifanyia hapa hapa nyumbani. Aliyeshika kisu ni mdogo wa mume wangu. Aliyekuwa anachungulia mlangoni asije akapita padri ni huyo anayeitwa leo katekista.

Basi rudini kwenye kikao. Binti alisema kwa Kiswahili chake cha utotoni, "Baba aliniomba kitu kimoja tu. Azikwe kwenye kibanja, pembeni ya kaka yake." Akamgeukia mdogo wa mume wangu, akapiga goti kama tulivyomfundisha alipokuwa mdogo. "Naomba, baba mdogo."

Mdogo wa mume wangu alikuwa anakula. Nilikuwa nimepika sato na ndizi kwa ajili ya mgeni, na kichwa cha samaki alikuwa amekichukua yeye. Alinyonya jicho, akatema mfupa sakafuni kwangu, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Baba yako mdogo yuko kwenu Ulaya, mwanangu," akasema. "Marehemu alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa mnyamahanga, mgeni. Kaburi kwenye kibanja ni mzizi. Leo tunakuzikia, kesho unakuja na wakili kudai migomba."

"Sitaki migomba," binti akasema. "Nikaipeleke wapi?"

Nikasema, "Shemeji, wewe ndiye uliyemchanja. Kisu kilikuwa mkononi mwako."

"Kisu gani? Mama, uzee huo."

"Kile ulichokifuta kwenye jani la mgomba."

"Mimi sikumbuki." Akachukua ndizi nyingine.

Nilimwangalia katekista. Ninyi mnaojua katekista anavyosema Jumapili, sauti mpaka barabarani, mngemwona siku ile! Alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari. Nikamwita mara ya kwanza na ya pili. Akasema, "Kanisa halitambui mambo ya damu, mama. Tusimwingize marehemu kwenye upagani." Sikumuuliza kama alikumbuka. Aliyajua yote, na shingo ilikuwa inamtoka jasho.

Ndipo mwalimu wa chuo akasafisha koo. Yeye alitaka makaburi ya kanisa mjini, kwa kuwa wageni wa chuo hawawezi kukanyaga tope la kibanja na viatu vyao. Alisema ameshapanga spika na wasifu. Akatoa simu kutuonyesha alivyotangaza msiba. Mawe, mama yangu! Alikuwa amempiga picha Profesa kitandani, amekwishakufa, mdomo wazi, shuka imeteremka kifuani.

"Hiyo niliiona uwanja wa ndege," binti akasema taratibu. "Nilikuwa nakuja kumuuguza, bado sijaambiwa amekufa."

"Pole sana," mwalimu akajibu. "Lakini watu wengi wameiona, wanatoa pole mpaka sasa hivi."

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya jiko. Sikuwa mgonjwa.

Wakamzika mjini. Wasifu ulisomwa mpaka waliobeba maua wakakaa chini: shahada hii, shahada ile, kitabu, wanafunzi, na msomaji mwenyewe alivyokuwa mwanafunzi kipenzi. Mwisho akasoma kwamba marehemu ameacha binti mmoja, na hapa nchini hakuacha ndugu. Mdogo wa mume wangu alikuwa mstari wa mbele, kavaa koti ambalo Profesa alimpa. Nilitema mate pale pale makaburini, na waliogeuka waligeuka.

Nilirudi nyumbani na binti. Nilitandika nyasi sebuleni, tukalala chini sisi wawili, jembe halikushikwa, kama inavyofanywa kwa mtu wa nyumba. Mdogo wa mume wangu alipita kuuliza kama kuna chakula. Nilimwambia hapa pana msiba wa shemeji yangu, na yeye kasema hana ndugu aliyekufa, basi akale kwake. Tangu hapo hajanisalimia, nami sijakosa usingizi.

Huenda nimekosea mahali. Pengine samaki alikuwa sangara, pengine mvua ilinyesha siku ya maziko nami nimesahau. Aliyekuwepo anisahihishe, sitakasirika. Na kama yuko aliyewaona wakichanjana siku ile, asije kwangu, maana mimi najua. Aende akamwambie binti, ambaye mpaka leo ananipigia simu kuniuliza kama baba yake alimdanganya.