Kichuguu cha Mama Mkwe

Mwaka wa kwanza nilipoanza kukuza uyoga, mama mkwe wangu hakuonja hata kipande. Kazi hiyo nilijifunza katika chuo cha kilimo cha Bukura kwa siku tatu, pamoja na akina mama wengine waliochoka kungojea miwa ikomae. Niliporudi nyumbani, upande wa Khayega, mume wangu akanijengea kibanda cha udongo nyuma ya jikoni. Nikachemsha maganda ya maharagwe, nikayapoza, nikayashindilia kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu za uyoga, kisha nikafunga mlango.

Mifuko ya kwanza iliota kuvu ya kijani. Kuni zilikuwa zimepungua, nami nikayaepua maganda kabla ya wakati. Nikaitupa yote, nikaanza upya. Safari ya pili nilifungua mlango asubuhi nikakuta uyoga mweupe umechomoza kwenye matundu ya mifuko, umebebana. Nilicheka peke yangu.

Nikaupika kwa karanga za kusaga, nikampelekea mama mkwe pamoja na obusuma, ugali wetu. Obusuma alikula kwa kunde za jana. Uyoga akaurudisha ulivyokuja. Nilidhani ananidharau, kwamba kwake kitu cha mifukoni si chakula. Nikaacha kumpelekea. Nikawa nauza sokoni na kwa hoteli moja mjini, tukapata karo ya shemeji yangu mdogo na mabati ya jikoni. Yeye akipita karibu na kibanda aliangalia kando.

Mvua ndefu zilipoanza, aliniomba nimsindikize hadi mwisho wa shamba. Tulisimama mahali palipokuwa na viazi vitamu, yeye akiegemea fimbo yake.

"Hapa ndipo uyoga ulikuwa unatokanga," akasema.

Akanieleza kwamba palikuwa na kichuguu kikubwa cha mchwa. Kila mvua kiliota uyoga, na siri yake ilipita kwa wanawake peke yao: yeye alionyeshwa na mama mkwe wake baada ya kuzaa mtoto wa kwanza. Mwaka aliofiwa na mumewe, kichuguu hicho ndicho kilicholisha watoto. Alikuwa akingoja siku ya kunionyesha mimi. Kisha akaenda matangani kwa siku mbili, na aliporudi akakuta kimechimbwa. Mwanawe alihitaji udongo mzuri wa kukandika kibanda changu.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningesema nini, mwanangu? Ulikuwa umefurahi sana."

Nilikumbuka jinsi nilivyozisifu zile kuta, kwamba hazina ufa hata mmoja.

Nilimweleza mume wangu siku hiyohiyo. Akaenda nyumbani kwa mama yake, akakaa naye mpaka chai ikapoa. Hakuniambia walichozungumza. Nilichoona ni kwamba kesho yake aling'oa viazi pale mahali, akapaacha patupu, endapo mchwa watapenda kurudi.

Wiki hiyo mama alikuja jikoni mwenyewe, akaketi, akaniambia nimpakulie kidogo. Alitafuna polepole, macho yakitazama mvua mlangoni.

"Si mbaya," akasema. "Lakini hauna ile harufu."

Sikubishana naye. Ule wake sikuwahi kuuonja.